Kitu Kingine Chochote

Mwalimu Phyllis alikuwa ametimiza siku kumi na tisa bila kuonja tone la pombe, na katika kituo kizima hakuna aliyezitangaza siku hizo kwa bidii kama yeye mwenyewe. Kituo kilikuwa mwendo mfupi kutoka Wamagana, nyumba tatu ndefu za mabati zilizozungukwa na mashamba ya majani chai, na waliolazwa humo ili waachane na ulevi walikuwa kumi na mmoja. Phyllis ndiye aliyekuwa mkubwa wao kwa umri. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, alikuwa amefundisha shule ya msingi huko Gakindu kwa miaka thelathini na minne, na ingawa alikuwa amestaafu, hakuna aliyekuwa amemjulisha. Mtu akisema "kitanda yangu" mbele yake, hakuachwa aende kulala mpaka aseme "kitanda changu" mara tatu.

Mambo yalianza mumewe alipofariki. Phyllis akawa anatia brandi kidogo katika chai ya jioni kwa ajili ya baridi, na kwa kuwa baridi ya Nyeri haina mzaha, hakuna aliyemlaumu. Miaka ikapita, na baridi hiyo ikawa inaanza saa nne asubuhi. Usingizi ulipomkimbia, akapata tembe za kulaza mtu katika duka fulani la dawa mjini, na punde si punde akagundua kwamba tembe moja ikisindikizwa na kikombe kimoja hufanya kazi ya tembe tatu. Alijipongeza kwa ugunduzi huo. Kisha ikaja Jumapili aliposimama kanisani kusoma matangazo. Aliyasoma yote, akayarudia yote, halafu akawashukuru waumini kwa kujitokeza kwa wingi kumzika Mzee Simeon, ambaye alikuwa ameketi benchi la mbele akimtazama. Baada ya hapo akaketi, akalala, mahubiri yakapita, sadaka ikapita, watu wakatoka, yeye bado. Jumatatu binti yake, Shiku, akamleta Wamagana.

Siku ya kuingia alipewa fomu. Swali la kwanza liliuliza anatumia kileo gani, akaandika "brandi" kwa mwandiko wa kupendeza. Swali la pili liliuliza kama kuna kitu kingine chochote anachotumia. Akafikiri kidogo, akaandika "chai ya majani", na akaipigia mstari chini.

Tembe alikuwa amekuja nazo, sitini kamili, zimefungwa katika kikaratasi cha nailoni, na kikaratasi kimezungushiwa uzi wa sufu mpaka kikawa kiini cha donge kubwa la rangi ya maziwa. Wakaguzi walipekua mzigo wake hadi ndani ya soksi, lakini ni nani angefumua donge la uzi la nyanya anayemfumia mjukuu wake sweta? Sweta yenyewe ilisonga polepole mno, maana uzi ukipungua sana siri ingebaki uchi. Kila siku alifuma mistari miwili, na kila jioni akameza tembe moja. Hakujiona mwongo hata kidogo. Alikuja kuacha pombe, na pombe ameiacha. Tembe ni dawa, na dawa haina dhambi.

Wenye mawazo kama hayo walikuwa wengi pale. Kulikuwa na Ngatia, dereva wa lori la majani chai, mtu wa mwili na kelele, ambaye Phyllis alimfundisha darasa la tano. Ngatia alikuwa amekubali kwamba pombe ilikuwa imemshinda, ila hakutaka kusikia neno juu ya muguka, majani ya kuchangamsha aliyoyatafuna kutwa nzima. "Hiyo ni majani tu, Mwalimu," alisema. "Hata sukuma wiki ni majani." Kulikuwa na Hersi, mchuuzi wa mbuzi na ng'ombe kutoka Nanyuki, mrefu, mwenye ndevu nyekundu kwa hina, aliyekuja kwa sababu ya miraa na chupa za dawa ya kikohozi zilizomsaidia kushuka baada ya miraa kumpandisha. Katika kila kikao Hersi alisema, "Mimi pombe siijui hata harufu yake." Kwa kuwa alilisema bila kuulizwa, Phyllis alimwekea alama ya kuuliza pembeni.

Na kulikuwa na Mwai, fundi wa pikipiki, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, aliyeletwa na mama yake kwa sababu ya chang'aa. Naye pia alipitia mikononi mwa Phyllis. Alianza shule akiwa na miaka tisa, na Phyllis ndiye aliyemshika vidole mmoja baada ya mwingine ili penseli isikae ngumini. Haikusaidia sana. Mpaka leo alishika kalamu kama mtu anayeshika spana.

Kazi ya Mwai kituoni ilikuwa kukamua ng'ombe wawili na kupeleka maziwa barabarani kila asubuhi, lilikopita gari la kuyachukua, kisha kurudi na mtungi mtupu. Katika wiki ya tatu mtungi ukaanza kurudi si mtupu sana. Binamu wa Ngatia alikuwa na kibanda karibu na kituo cha maziwa, na binamu huyo alikuwa na huruma. Kwa hiyo ng'ombe wa pale wakawa wanatoa maziwa saa kumi na mbili na vodka saa tatu.

Phyllis aliinusa siku ya kwanza. Mtu aliyeficha brandi katika chupa ya chai kwa miaka sita hadanganywi na mtungi. Lakini hakusema. Ilimfurahisha kujua jambo ambalo mshauri wa kituo, Bwana Dedan, hakulijua pamoja na vyeti vyake vyote ukutani. Aliwatazama Ngatia na wenzake wakienda zizini kwa zamu, kila mmoja akidai anapenda sana ndama, naye akacheka ndani ya sweta. Kuhusu Mwai alijiambia kwamba huyo ni mbebaji tu.

Alasiri moja, Phyllis akichambua maharagwe barazani, Mwai alimjia.

"Mwalimu, siku nne sijalala," alisema. "Nikifunga macho naona kama mtu ananisukuma."

Macho yake yalikuwa mekundu kama ya jogoo. Phyllis aliyajua macho hayo, aliwahi kuyaona katika kioo chake mwenyewe. Akatazama huku na huku, akachomeka kidole ndani ya donge la uzi lililokuwa kando yake, akatoa tembe mbili na kumpa.

"Moja leo, moja kesho," alisema. "Na usimwambie mtu."

"Asante, Mwalimu."

Phyllis alirudi kwenye maharagwe yake akijisikia vizuri. Muda mrefu ulikuwa umepita tangu mtu amshukuru hivyo.

Asubuhi ng'ombe walilia. Walilia mpaka Hersi, aliyekuwa ametoka kuswali, akaenda kumwamsha Mwai. Alimkuta chali, akikoroma kwa namna iliyomtisha, mkoromo unaokwama kama msumeno uliogota msumari, kisha kimya kirefu, kisha unaanza tena. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Hersi alimtikisa, akampiga makofi, akammwagia maji, na alipoona hakuna jicho linalofumbuka, akambeba begani kama anavyobeba mbuzi na kukimbia naye mpaka kwenye pikapu. Dedan aliendesha hadi hospitali mjini Nyeri bila kufunga hata mlango wa upande wa pili.

Phyllis alisimama barazani na donge lake la uzi. Alijaribu kufuma, akaangusha mishono, akaiokota, akaiangusha tena. Saa nne Dedan akapiga simu ofisini, na muuguzi Shiro akawasomea wote alichoambiwa. Mwai alikuwa amekunywa pombe kali na kumeza dawa za usingizi juu yake. Kila moja hupunguza pumzi kivyake, na zikikutana, pumzi husahau kurudi. Angekawia saa moja zaidi asingeamka. Sasa yu hai, ila amewekewa hewa.

"Alipata wapi tembe?" mtu akauliza.

"Hilo ndilo hata sisi tunauliza," akasema Shiro.

Phyllis alimwogopea Mwai, halafu, polepole, akajiogopea mwenyewe. Miaka mitatu alikuwa amejilaza kwa mchanganyiko huo huo, tena akijipongeza. Jumapili ile kanisani hakuwa amelala usingizi. Alikuwa ameketi mlangoni pa kifo akisubiri kufunguliwa, na mazishi aliyoyatangaza yangeweza kuwa yake.

Lakini jioni ile alimeza tembe yake kama kawaida, maana alijaribu kuiacha na mwili ukatetemeka.

Mwai alirudi siku ya nne, amekonda, anatembea kama anayeogopa kumwamsha mtu. Siku hiyo hiyo Dedan akawakusanya wote kumi na mmoja katika ukumbi. Walitarajia polisi, au angalau kelele. Dedan aliweka mezani kisanduku cha viatu kilichotobolewa juu, na vipande vya karatasi.

"Sitaki kujua ni nani," alisema. "Nataka kujua ni nini na nini. Kila mtu aandike kilichomleta hapa, na kile kingine anachokichanganya nacho. Jina msiandike. Nikijua mnachanganya nini, daktari atajua namna ya kuwatibu bila kuwaua."

"Na nani atasoma?" akauliza Ngatia. "Wewe unajua mwandiko yetu."

"Mwandiko wetu," akasema Phyllis.

"Asome Mwalimu," akasema Hersi. "Huyu ni mama wa watu wote. Na sauti iko."

"Huyo hapana," akasema Ngatia haraka. "Huyo alinifundisha. Anajua mkono yangu."

"Ngatia," akasema Phyllis, "mwandiko wako sikuweza kuusoma hata wakati ule."

Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu Mwai apelekwe hospitali, na jambo likapita. Waliandika wakiwa wamejifunika kwa viwiko kama wakati wa mtihani. Phyllis alihamishia kalamu mkono wa kushoto, akaandika kwa taabu maneno mawili, "Pombe tu", na kutumbukiza.

Kisha akavaa miwani na kuanza.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na herufi zilizoinamiana kama nguzo za ua lililozeeka, naye hakuhitaji jina. Ilisema: "Pombe na muguka. Muguka inanipea nguvu ya kukunywa alafu pombe inanipea usingizi ya muguka. Nikiacha moja hiyo ingine inaniita." Phyllis hakuweza kuisoma hivyo, ulimi ungemkatalia. Akasoma: "Pombe na muguka. Muguka hunipa nguvu ya kunywa, kisha pombe hunipa usingizi ambao muguka umeninyima. Nikiiacha moja, nyingine huniita."

Ngatia aliinua kichwa. "Huyo mtu amesoma," alisema, akionekana kuguswa.

Karatasi ya tatu ilikuwa na herufi zilizolala kinyume, za mkono uliojifunza kwanza kuandika kutoka kulia. Ilisema: "Miraa, na dawa ya kikohozi, na saa zingine whisky kwa kikombe cha kahawa, huko Nanyuki nyuma ya mnada. Mungu anajua, mke wangu Ilhan hajui." Phyllis alisafisha koo. "Miraa, dawa ya kikohozi, na wakati mwingine whisky katika kikombe cha kahawa," alisoma. "Hapo pengine wino umekwisha."

Hersi alikuwa akitazama mabati ya dari na kuchezea ndevu. "Mtu kama huyo asaidiwe," alisema kwa upole. "Asiaibishwe."

Zikaja nyingine. Bangi na bia. Chang'aa na dawa za mzio, ambazo mmoja alizimeza kumi kumi. Kila karatasi iliposomwa, watu waliinamisha vichwa kwa namna iliyoonyesha kwamba si mmoja tu aliyeguswa. Kisha ikaja ile ya mkono wa kushoto.

"Pombe tu," akasoma Phyllis.

"Huyo ana bahati," akasema Dedan.

"Mwandiko yake uko aje?" akauliza Ngatia.

"Mbaya sana," akasema Phyllis, na hakumsahihisha.

Ya mwisho ilikuwa imetobolewa kwa kalamu katika sehemu mbili, kama kawaida ya mtu aandikaye kwa ngumi. Phyllis aliisoma moyoni kwanza. "Nilikunywa ile ya mtungi. Nikameza tembe mbili juu yake. Sikusema nimekunywa na sikuulizwa. Aliyenipa sitamtaja. Ni yeye alinionyesha kushika penseli."

Aliisoma tena. Mwai alikuwa ameketi karibu na dirisha, amejikunyata ndani ya koti, anatazama viatu vyake.

"Soma, Mwalimu," akasema Dedan.

Angeweza kuishia kwenye maneno "juu yake". Wino ulikuwa umeshakwisha mara moja, ungeweza kwisha tena. Alifungua kinywa akiwa bado hajajua lipi litatoka.

"Nilikunywa ile ya mtungi," alisoma. "Nikameza tembe mbili juu yake. Sikusema kwamba nimekunywa, wala sikuulizwa. Aliyenipa ni Mwalimu Phyllis."

Dedan alinyosha mkono, akachukua karatasi, akaisoma mbele na nyuma.

"Hapa hakuna jina," alisema.

"Mwanafunzi hakumaliza jibu," akasema Phyllis. "Nimemsaidia."

"Mwalimu," akasema Mwai kwa sauti ndogo, "hujaulizwa."

"Na wewe sikukuuliza. Nilikuwa nanusa mtungi huo kila asubuhi, Mwai. Kila asubuhi. Nikaona ni mchezo." Alivua miwani. "Na ile karatasi ya 'pombe tu' ni yangu. Niliiandika kwa mkono wa kushoto."

Akalishika donge la uzi na kuanza kulifumua. Si kazi ya dakika moja. Uzi ulishuka magotini, ukafika sakafuni, ukajisokota miguuni pa watu, mpaka Ngatia akainuka na kunyosha mikono yake minene mbele yake ili auzungushie hapo usichafuke. Walisimama hivyo, yeye na mwalimu wake, Phyllis akizungusha na kuzungusha, hadi kikaratasi cha nailoni kikaanguka mezani.

"Nilidhani nitalala tu," akasema Mwai, akikitazama.

"Hata mimi," akasema Phyllis.

Ngatia, akiwa bado amefungwa mikono kwa sufu, aligeuka upande wa Dedan. "Hiyo ya mtungi ni binamu yangu," alisema. "Lakini ni mimi nilimtuma." Labda alikiri kwa sababu hakuweza kukimbia.

Kesho yake Hersi alimkuta Phyllis penye bomba akiosha kikombe.

"Mama Mwalimu, kwa nini Nanyuki hukusoma? Na lile jina?"

"Sikuona vizuri. Ni miwani."

Hersi alitikisa kichwa taratibu. Siku mbili baadaye alionekana akiingia ofisi ya Dedan na kufunga mlango, akakaa huko mpaka chakula kikapoa.

Phyllis alikuwa amefunga mzigo wake tayari, akiamini atafukuzwa. Hakufukuzwa. Daktari alikuja, akamweleza kwamba tembe zile haziachwi ghafla, maana mwili uliozizoea miaka mitatu unaweza kushikwa na degedege, na kwamba Shiro atazitunza na kumpunguzia kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Hilo lilimwongezea miezi miwili kituoni. Lililomuuma zaidi lilikuwa la ubaoni, ambapo kila mtu alikuwa na siku zake kwa chaki. Dedan alifuta zake ishirini na sita na kuandika moja.

"Pombe sijagusa," alisema Phyllis.

"Najua."

"Basi umekosea."

Dedan alimpa chaki. "Sahihisha mwenyewe, Mwalimu."

Phyllis alisimama mbele ya ubao na chaki mkononi, kitu alichokifanya maisha yake yote, na kwa mara ya kwanza hakujua aandike nini. Akairudisha chaki mahali pake, akanuna siku mbili.

Jumapili Shiku alikuja na chapati na ndengu. Walikaa chini ya ukingo wa paa, manyunyu yakinyesha, na Phyllis akamwambia yote kuanzia duka la dawa hadi donge la uzi. Shiku aliacha kutafuna.

"Maitu, hizo tembe nilikuwa naziona. Nilidhani ni za presha. Nilikuwa nakukumbusha umeze."

"Ulikuwa mtoto mwema."

"Kwa hivyo ile siku ya kanisa..."

"Ile siku vilikuwa vyote viwili. Ingekuwa brandi peke yake, ningemzika Simeon kidogo tu."

Shiku alitaka kukasirika, ikaonekana usoni jinsi alivyotaka, lakini kicheko kilimtoka kwanza, na machozi yakafuata nyuma yake. Phyllis alimshika mkono na kumwacha alie.

Wiki iliyofuata zamu zikabadilishwa. Safari ya mtungi alipewa Shiro, na kukamua kukahitaji watu wawili ili mmoja amchunge mwingine. Dedan akawapanga Mwai na Phyllis pamoja. Phyllis aliwaogopa ng'ombe tangu utotoni na alilisema hilo waziwazi, lakini saa kumi na mbili asubuhi alikuwa zizini, amevaa buti za Ngatia zilizojazwa magazeti, ameketi kwenye kigoda, kichwa mbali na ubavu wa ng'ombe kama mtu anayekataa kupigwa picha. Usiku ule alikuwa amepata usingizi wa saa tatu tu.

Alivuta chuchu. Hakikutoka kitu. Akavuta tena, na ng'ombe akageuza shingo kumtazama.

"Usivute," akasema Mwai, akichuchumaa karibu yake. "Bana juu kwanza, alafu vidole vikuje chini moja moja."

"Kimoja kimoja."

"Kimoja kimoja." Akamshika vidole, akavipanga, kidole gumba, cha shahada, na vingine. "Hivyo. Sasa bana."

Maziwa yakatoka, uzi mwembamba uliopita kando ya ndoo na kuingia ndani ya buti.

"Tena," akasema Mwai.